Mkeka wa Chui Haujakatwa Bado

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Jiwe lenye ufa!

Ndani ya ufa mna nani?

Mna fundi na mwanawe!

Na nje ya ufa je?

Ehee, mmenyamaza. Hata mimi hapo ningenyamaza. Haya, sogeeni, chumba ni hiki hiki, sina kingine. Wewe uliyekanyaga ukili wangu, toa mguu, nimeusuka tangu asubuhi. Na atakayesinzia nitamchoma sindano, asije akasema sikumwambia.

Hapo kale palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, mkia hana, anaishi mawe kwa mawe. Huyu alikaa na mwanawe mmoja tu, jina lake Kichane, ndani ya ufa wa jiwe kubwa. Ufa wenyewe, jamani, ulikuwa mwembamba! Mama akigeuka, mwana abane pumzi. Mwana akipiga chafya, mama atoke nje. Lakini humo humo ndimo alimosukia mikeka. Kichwa na mikono ndani kivulini, miguu nje juani, na ukili ukitambaa kutoka ufani mpaka juu ya jiwe. Mwekundu, wa kijani, wa zambarau, kila mkeka na nakshi yake, hakuna uliofanana na mwenzake. Wala hakuuza hata mmoja. Ukioa, una mkeka. Ukizaa, una mkeka. Ukifiwa, una mkeka wa kukalia waliokuja kukupa pole.

Desturi ilikuwa hii. Anayetaka mkeka aje na ukindu wake, kisha akae pale juu ya jiwe ashone walau mzunguko mmoja kwa mkono wake. Maana mkeka, kwa nyinyi msiojua mnachokikalia, haushonwi ukiwa bapa. Ule ukili, utepe wa ukindu uliosukwa, huzungushwa ukashonwa ukingo kwa ukingo, zunguka, zunguka, mpaka unakuwa kama gunia lisilo na kitako. Hapo Pimbi anauliza, "Imetosha?" Mwenye mkeka anajibu, "Imetosha." Ndipo kisu kinapita, kraaa! Gunia linafunguka, mkeka unalala chini, vigelegele. Bila hilo neno "imetosha", kisu hakitoki. Kobe alilisema. Digidigi alilisema. Wote walilisema.

Wote isipokuwa Chui.

Chui alikuwa ametuma salamu, "Nataka mkeka." Pimbi akamjibu kwa adabu, "Karibu sana, Bwana Mkubwa. Uje na ukindu, ushone mzunguko mmoja." Chui akacheka mpaka ndege wakaruka mitini. "Mimi? Nishike sindano mimi?" Kisha akanyamaza. Sasa sikilizeni, mkubwa akicheka si neno, lakini mkubwa akinyamaza funga mlango. Na Pimbi, maskini, mlango hakuwa nao.

Basi siku moja mchana, Pimbi alikuwa amelowesha ukili mwingi, mabunda kwa mabunda, wa mkeka wa harusi ya binti wa Digidigi. Akamwambia mwanawe, "Kichane, toka kidogo uninyooshee huo wa nje." Kichane akatoka. Mama akasikia, tuf!

Kisha kimya.

"Kichane?"

Kimya.

"Kichane, mwanangu?"

"Mama," sauti ndogo ikajibu, "nimekanyagwa."

Pimbi akatoa kichwa. Akamwona Chui amejilaza juu ya jiwe, kama kwake. Na chini ya mkono wake wa kushoto, pua ya Kichane inachungulia, na kucha zimemgusa mgongoni. 

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema. Sauti ilimtetemeka, lakini aliamkia.

"Marahaba. Nimekuja. Mkeka wangu uko wapi? Nataka mkubwa kuliko wa wote. Kivuli cha lile jiwe la juu kikinigusa masharubu kabla sijaupata, basi huyu namla. Ukiumaliza, namwachia."

"Wallahi utamwachia?"

"Shona!"

Pimbi akatazama kivuli. Kilikuwa mbali hatua kumi. Akatazama mwanawe. Akavuta ukili, akatunga sindano, akaanza. Chwi, chwi, chwi! Zunguka. Chwi, chwi, chwi! Zunguka. Kobe na Digidigi walikuwa nyuma ya kichaka, wanaona kila kitu, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Msiwacheke. Na nyinyi mngekaa kichakani.

Mizunguko mitano, sita, saba. Chui akakunja uso.

"We Pimbi! Hili ni tundu. Mkeka gani una tundu? Unanichezea?" Na mkono wa kushoto ukabonyeza. Kichane akalia, "Wii!"

Mikono ya Pimbi ikasimama. Akamtazama Chui usoni, na hapo ndipo akaelewa: huyu hajui! Hajawahi kukaa na wenzake akashona hata mzunguko mmoja. Hajui mkeka unavyozaliwa.

"Bwana Mkubwa," akasema polepole, "wadogo tunawapimia chini. Mkubwa hupimwa mwilini, ili mkeka umtoshe yeye na asilale mwingine."

"Asilale mwingine?"

"Hata mkeo."

Lo! Hilo likampendeza Chui kuliko nyama. Akaingiza kichwa tunduni, akakitoa upande wa pili, akalala kifudifudi. "Haya, pima. Lakini huyu simwachi."

Chwi, chwi, chwi! Ukili ukapita shingoni. Ukapita begani. Kivuli kikabaki hatua nane.

"Imetosha, Bwana Mkubwa?"

"Ongeza!"

Akaongeza. Akafika kwenye mkono wa kushoto, ule ulio juu ya Kichane.

"Bwana Mkubwa, kunja mikono kifuani, ukili upite."

"Nikikunja atakimbia. Unaniona mjinga?"

"Hasha! Basi nitapitisha juu ya mkono. Lakini mkeka utatoka na kibyongo, na Kobe atacheka."

Chui akafikiri. Mwenye kiburi ukimtajia kicheko umemchoma mwiba. Akamsukuma Kichane nyuma polepole, hadi chini ya mguu wake wa nyuma, akamkandamiza humo. Kisha mikono akaikunja kifuani. Pimbi hakupumua mpaka alipoona pua ya mwanawe tena.

Chwi, chwi, chwi! Ukili ukapita kifuani, mikono ikawa ndani. Pimbi alivuta kila mshono kwa meno. Jua lilikuwa kali, na ukindu ulioloweshwa ukikauka unabana, mnajua, aliyewahi kuvaa pete ya ukindu anajua. Kivuli hatua tano.

"Imetosha, Bwana Mkubwa?"

"Ongeza!"

Akaongeza. Mbavu. Tumbo. Kiuno. Sindano ikamchoma kidole, damu ikatoka, akailamba akaendelea. Kivuli hatua tatu.

"Bwana Mkubwa, nyoosha miguu, ukili upite."

"Na huyu?"

"Huyu ni wako, Bwana. Una mkia. Si umfunge kwa mkia?"

Aisee! Digidigi kichakani akajiziba mdomo. Mama gani anamfundisha adui namna ya kumfunga mwanawe? Hata Kichane akamtazama mama yake kwa macho ya kumlaumu. Chui akazungusha mkia kwenye tumbo la mtoto mara mbili, akakaza, akanyoosha miguu. Chwi, chwi, chwi! Mapaja ndani. Magoti ndani. Ukili ukafika mwisho wa miguu.

Kivuli hatua moja.

Sasa Pimbi akasimama. Bunda la mwisho lilikuwa mkononi mwake, limebaki la mizunguko michache tu.  Chui akisema neno moja tu, Pimbi itambidi achukue kisu akate, ndiyo desturi yake aliyoitunza miaka yote, na Chui atakuwa mzima, na mtoto bado yuko mkiani.  Akauliza kama anavyowauliza wote.

"Imetosha, Bwana Mkubwa?"

Chui akageuza shingo ajitazame. Akaona nyekundu, kijani, zambarau, kutoka shingoni hadi miguuni. Mzuri! Mkubwa! Lakini kule nyuma akaona kitu kimebaki nje, kirefu, chenye madoa, chake.

"Mkia je? Mkia wangu ulale chini kama wa mbwa? Ongeza! Na mkia uingie!"

"Mkia uingie?"

"Wote!"

"Basi unyooshe, Bwana Mkubwa."

Na Chui akaunyoosha.

Fyuu! Kichane huyoo! Hakuaga, hakugeuka, akaingia ufani kama mate yanavyoingia kooni. Chui akaruka amkamate. Akaruka? Aruke na nini? Mikono kifuani imebanwa, miguu nyuma imebanwa. Akafurukuta, furuku, furuku! Akaviringika upande mmoja, akaviringika upande wa pili, kichwa nje, mwili wote mkekani.

"Pimbi! Nifungue!"

Pimbi alikuwa ufani amemkumbatia mwanawe, analia kwa sauti, wala haoni haya. Akamlamba mgongo palipokuwa na alama nne za kucha. Kisha akachukua kisu akatoka.

Kobe akatoka kichakani mbio, mbio za Kobe. "Mama Kichane! Kisu cha nini? Unamkatia kweli?"

"Desturi ni desturi, mzee wangu. Mkeka ukiisha hukatwa."

"Atatumaliza!"

"Nimewakatia wote. Isije ikasemwa huyu sikumwuliza." Akasogea mpaka karibu na kichwa cha Chui, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake ya moto. Digidigi alianza kurudi kinyumenyume. "Bwana Mkubwa, mkeka wako umekwisha. Sema 'imetosha', neno moja tu, nami nakata."

"Kata!"

"Sema kwanza."

"Nitakutafuna wewe na ukoo wako!"

"Sema kwanza, Bwana Mkubwa."

Ukindu ukakaza. Kivuli kikamfikia Chui masharubu, kikampita. Akafungua kinywa.

"I..." akasema.

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Ime..."

Pimbi akakaza mkono kwenye kisu, akafumba macho.

"Ime..." Chui akahangaika, akakohoa, ulimi ukagoma. Tangu azaliwe hajalisema neno hilo, si kwa nyama, si kwa maji, si kwa kitu. Na katika kuhangaika macho yake yakaangukia lile bunda la mwisho la ukili, lililobaki pale juu ya jiwe. "Imebaki!" akanguruma. "Hilo limebaki! La nani hilo? Ni langu pia! Ongeza!"

Pimbi akafumbua macho. Akashusha kisu.

"Haya, Bwana Mkubwa," akasema. "Umesema mwenyewe."

Akatunga sindano akaongeza. Mizunguko mitatu, ya mkia, akafunga fundo. Kisha akamsukuma kidogo tu, kwa kidole kile kile kilichochomwa. Jiwe lile lina mteremko. Biringi! Biringi! Biringi-biringi-biringi! Chui huyo, na rangi zake zote, mpaka bondeni kwenye miiba, pwaa! Na huko bondeni sauti inasikika, inakwenda inafifia: "Ongezaaa!"

Kobe akatoa kichwa. "Na kama angesema?"

"Ningekata," akasema Pimbi. Kisha akakaa chini kitako.

Binti wa Digidigi aliolewa siku saba baadaye kuliko ilivyopangwa, kwa sababu mkeka ulianzwa upya. Safari hii hawakumwachia Pimbi peke yake. Walikuja wote na ukindu, wakajaa juu ya jiwe, na Kichane akashona mzunguko wake wa kwanza, umepinda vibaya sana. Mama yake hakuufumua. Bibi harusi alipoulizwa, akasema "Imetosha" kwa haraka hata watu wakacheka.

Na Chui? Wapo wanaosema alijitafuna akatoka baada ya siku nne, amekonda. Wapo wanaosema bado anabiringika. Mimi sijui, sikwenda bondeni kuangalia.

Sasa funzo, maana najua mama zenu watauliza nimewafundisha nini humu ndani. Funzo ni hili, wanangu: watiini wakubwa. Mkubwa akisema ongeza, ongeza. Akisema ongeza tena, ongeza tena, usimbishie hata kidogo, usimpunguzie hata mshono mmoja. Pimbi alikuwa na adabu, akatii neno kwa neno mpaka mwisho, na mnaona baraka alizopata.

Ngano yangu imefika kwenye pindo. Iliyonyooka nimeisuka mimi, iliyopinda ni yenu mliokuwa mnasinzia. Haya, kila mtu ashike sindano, mzunguko mmoja mmoja kabla hamjatoka.

Imetosha?

Semeni kwa sauti, sijasikia.