Majina Matatu katika Pango la Mwitiko

Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi kabla sijaanza, maana hadithi hii mwisho wake sinao mimi, mnao nyie.

Palikuwa na wanawake watatu wa nyumba moja, pale Same, chini ya milima ya Upare, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Bibi Nakijwa, mwenye nyumba, alijua hewa. Maisha yake yote amepikia kuni, basi kabla hajawasha moto alikuwa anajua moshi utaelekea wapi. Analowesha shavu kwa kidole, anageuza uso huku na huku, anasema hamisheni mafiga, na ukimbishia utalia machozi mpaka ugali uive.

Foibe, binti yake, alikuwa na masikio. Ndiye aliyefundisha kwaya ya usharika, na katika waimbaji wote wale akikunja uso mtu anajijua kuwa ni yeye. Aliweza kukwambia nani kakohoa chumba cha pili, na kwamba kikohozi chenyewe ni cha kusingizia.

Na Navoneiwa, mke wa Mbonea, wifi yake Foibe na mkwe wa Bibi Nakijwa, yeye alijaliwa nini? Alijaliwa wembamba. Shuleni walimwita Uzi, akamaliza kidato cha nne ni Uzi, akazaa bado ni Uzi, tundu lolote anapita. Ila alikuwa mwoga, jamani, mwoga wa giza, mwoga wa visima, mwoga wa kuku anayewika saa isiyo yake, na tangu ajifungue uoga ule nao ulizaa wa kwake.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne na majina matatu. Ilikuwaje? Alipozaliwa, baba yake Mbonea alikuwa mgodini, mbali huko kanda ya ziwa, na katika nyumba ile baba ndiye anayetaja jina. Akapigiwa simu, akasema subirini kwanza nije nimwone uso. Akaja, akamwona uso, akamwona na mama yake na dada yake na mke wake, kila mmoja ana jina lake mdomoni, akaogopa kumuumiza hata mmoja. Akasema nitaamua nikirudi. Akarudi, akaondoka, akasema vilevile. Basi Bibi Nakijwa akawa anamwita mtoto Kajiru, jina la marehemu mumewe. Foibe akamwita Yonazi, jina alilokuwa amemwekea mwanawe wa tumboni, yule aliyezaliwa asilie. Navoneiwa akamwita Elisante, kwa ajili ya kaka yake aliyemsomesha kwa kuuza vitunguu barabarani, akafa kabla matokeo hayajatoka. Na mtoto, kwa kuwa hana hiyana, akaitika kote.

Mwaka huo Mbonea aliahidi kweli. Mtoto anaanza shule Januari, mwalimu ataita jina gani? Akasema nikija Desemba twende wote mlimani, kwenye Pango la Mwitiko nilikochezea utotoni, tupige kambi kama watu wenye nafasi zao, na pale nitamtaja. Navoneiwa alilala na maneno hayo miezi na miezi. Wala si jina tu alilolitaka. Alitamani kumwona mumewe akikoka moto, alitamani kulala naye hema moja, asikie anavyokoroma, kwa sababu sauti ya kwenye simu haikoromi.

Likizo ikafutwa.

Lakini unga ulikuwa umeshasagwa, maharage yameshachaguliwa, turubai la kuanikia mahindi limeshashonwa hema. Bibi Nakijwa akasema tunakwenda. Wakapanda lori lililokuwa likipanda mlimani kuchukua tangawizi, dereva wake ni mtu wa kwao, akawabeba na sufuria zao na mkeka wao. Jirani mmoja akawauliza kama wanakwenda kulala porini kama wakimbizi. Foibe akamjibu kutoka juu ya lori kwamba hapana, wao ni watalii wa ndani, na safari hii ndani kwelikweli, ndani ya pango.

Na kambi ilikuwa nzuri, msidhani. Ukungu ulikuja ukakaa nao kama mgeni, wakachoma mahindi, wakajifunika mablanketi, na ukungu ulipopasuka tambarare yote ikaonekana huko chini. Navoneiwa akawa anaangalia upande jua linakozama, anakadiria ziwa liko wapi, mgodi uko wapi, mtu wake yuko chini ya udongo gani saa hiyo, mpaka Foibe akamwambia wifi, macho hayo yatakutoka, kula.

Asubuhi yake Navoneiwa alikuwa kijitoni, hapo hapo karibu na kambi, anaosha vikombe vya uji. Mtoto alikuwa mlangoni mwa pango anacheza nalo. Anasema wee, pango linasema wee, anacheka, pango linacheka. Ndiyo maana watu wa mlima ule wakaliita Mwitiko. Mara kukawa kimya. Mwenye mtoto anaujua ule ukimya, si ukimya wa amani. Navoneiwa akageuka, mlango wa pango mtupu.

Alikimbia na kikombe mkononi. Bibi Nakijwa akatoka hemani, Foibe akaacha kuni, wote watatu wakafika mlangoni kwa pamoja na wote watatu wakaita kwa pamoja.

"Elisante!"

"Kajiru!"

"Yonazi!"

Pango likayapokea majina yale, likayazidisha, likayarudisha kutoka kila upande, na humo ndani sauti ndogo ikaitika naam. Wakaita tena. Sauti ikaitika naam, mbali kidogo. Wakaita tena, kwa nguvu zaidi, na naam ikaja kutoka mbali zaidi. Foibe ndiye aliyeelewa. Akamziba wifi yake mdomo kwa kiganja.

"Nyamazeni. Tunamfukuza."

Na ilikuwa kweli. Mtoto wa jina moja angesimama akasikiliza. Huyu, kila jina lilikuwa lake, kila lilikotokea alikwenda.

Basi hapa ndipo Foibe alipofanya la kwake. Aliwanyamazisha, naye akaingia kwa magoti akimulika kwa simu, sikio limebanwa kwenye mwamba, na wenzake nyuma. Navoneiwa alikuwa ameuma upindo wa kanga yake, maana mama kuambiwa asimwite mwanawe aliyepotea ni sawa na kuambiwa asipumue. Humo ndani kilio kilikuwa kinatoka kulia, kinatoka kushoto, kinatoka juu. Lakini Foibe alikuwa anasikiliza kitu kingine, pumzi. Mtu akilia huvuta pumzi kwanza, na pango halivuti. Akaenda akisimama, akirudi, mpaka akafika kwenye ukuta wa jiwe, akauwekea mkono. Akanong'ona kwamba yuko nyuma ya hapa, chini, anavuta kamasi.

Ukuta ulikuwa mzima. Hapana tundu, hapana njia, na mtoto yuko upande wa pili.

Hapo tena Bibi Nakijwa akafanya la kwake. Alirudi kambini, akaja na kijinga cha moto na majani mabichi, akayaweka juu ya moto, moshi ukatoka mzito. Wakaanza kukohoa, akawaambia kohoeni taratibu. Akalowesha shavu, akafumba macho. Moshi ukasimama kama haujui pa kwenda, kisha ukalala, ukateremka, ukaenda ukipapasa chini mpaka nyuma ya jiwe moja lililoning'inia kama pazia, ukanyonywa, ukapotea. Bibi Nakijwa akaingiza mkono nyuma ya pazia lile, mkono ukaenda mpaka begani. Palikuwa na ufa. Mtoto anapita. Foibe alijaribu, mabega yakagoma. Bibi Nakijwa hata hakujaribu. Wote wawili wakamtazama Uzi.

Navoneiwa naye akafanya la kwake. Aliingia ubavuubavu, simu ameishika kwa meno, jiwe kifuani, jiwe mgongoni, anavuta hatua anafikiri kitu kitamgusa, anavuta nyingine anafikiri nikinasa hapa nani atamlea, anamwambia Mungu kimoyomoyo maneno yasiyo na mpangilio, na alitamani Mbonea awe mbele yake au nyuma yake, popote, asiwe mgodini. Kisha kifua kikafunguka. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ukingo, miguu inaning'inia, na chini ya miguu yake maji meusi yasiyo na mwisho wa kuonekana. Alikuwa anaegemea mbele, ameelekea upande wa pili, anasikiliza kama bado ataitwa.

Jina lilimfika Navoneiwa kooni. Akalimeza, akatoa simu menoni.

"Mama yupo hapa nyuma yako. Usiinuke."

Mtoto akageuka polepole. "Mama, wananiita wengi. Niende kwa nani?"

Navoneiwa alimshika shati, akamvuta, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia, na wakatoka kwa ule ufa, mtoto mbele, mama nyuma.

Bibi Nakijwa alipanda mpaka kilimani panaposhika mtandao, akampigia mwanawe, akamweleza yote bila kuficha. Mbonea akasema, na sauti yake haikuwa yake:

"Aliyemtoa ndiye amtaje. Jina moja tu, hayo mengine yafe. Mkishakula nitapiga, mniambie."

Wakahamishia mkeka na sufuria hapo kilimani, simu isiwapite. Mnadhani walikula? Ugali ulipoa. Foibe alianza, akasema bila masikio yake wangekuwa wanaita mpaka sasa, na mtoto yuko majini. Bibi Nakijwa akamuuliza: "Ukamsikia, halafu? Ukuta ungeuimbia pambio ufunguke?" Navoneiwa akasema kwa sauti ndogo kwamba wote wawili walibaki nje, aliyeingia ni mmoja. Foibe akamwambia na aliyemwacha mtoto akaingia ni mmoja, na likishasemwa neno kama lile halirudi.

Lakini Navoneiwa alimwona wifi yake. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, anakifuta udongo uliokwishatoka, na midomo yake inatamka Yonazi bila sauti. Akamwona mkwewe anaangalia tambarare kama alivyokuwa akiangalia yeye jana, ila yule anayeangaliwa na mkwewe ni marehemu, hayuko mgodini, hana likizo ya kufutwa. Navoneiwa akataka kusema chukueni, mpeni jina mtakalo. Kisha akamkumbuka kaka yake amesimama juani na vitunguu, anapunga mkono basi la shule linapopita, na akajua kwamba akisema hivyo hakuna mtu duniani atakayeita tena Elisante. Na mtoto amelala mapajani mwake, mume hayupo, na jina hilo ndilo pekee katika mambo yote lililokuwa mkononi mwake.

Mmoja alijua alipo. Mmoja alijua njia. Mmoja alikwenda. Ondoa yeyote, mtoto hatoki. Na kumbukeni vilevile, wote watatu waliita.

Simu hiyo inaita. Bibi Nakijwa ameiweka katikati yao juu ya mkeka, na hakuna anayeipokea. Nyie mliokaa hapa mmesikia yote kama walivyosikia wao, basi mmoja wenu aipokee. Mwambieni Mbonea, mwanawe anaitwa nani?