Kakakuona na Tarehe ya Kapteni Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kivivu hivyo? Sogeeni. Hii ya leo haitaki mtu akae peke yake karibu na mlango. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, miaka ilipokuwa ikihesabiwa kwa mvua, wanyama wadogo walikaa kilimani, na walikuwa na jeshi lao. Msicheke, jeshi kweli. Lilikuwa na jemadari, Ngiri, yule wa meno yaliyopinda. Lilikuwa na makapteni. Na lilikuwa na karani, Kakakuona, mwenye magamba mgongoni na kucha ndefu mikononi. Kazi yake ilikuwa moja. Mtu akipandishwa cheo, Kakakuona huenda kwenye Jiwe la Vyeo, akachora jina na tarehe. Kwaru, kwaru, kwaru. Aliyetangulia juu, aliyefuata chini yake.

Mnaona ni jambo dogo? Ngojeni. Chini ya kilima palikuwa na korongo, na korongoni alipita Chui. Alikuja alfajiri, ukungu ukishuka. Basi sheria ilisema hivi: kapteni ambaye jina lake ni la mwisho jiweni, huyo ndiye atakayesimama mdomoni mwa korongo kila alfajiri, apige yowe Chui akitokea. Atasimama mpaka achorwe mwingine chini yake. Waliosimama pale, wengine walirudi. Wengine hawakurudi.

Masika yakaingia. Siku ya pili ya masika, nyoka koboko akajipenyeza kwenye mashimo ya watoto. Wakubwa wakakimbia, na ndevu zao. Mama Nguchiro hakukimbia. Ruka huku, ruka kule, akamdaka shingoni, kwachu! Koboko akalala. Ngiri akasema mbele ya wote, "Kuanzia leo, Mama Nguchiro, wewe ni kapteni." Akamgeukia Kakakuona. "Karani, nenda kachore. Leo hii."

Siku hizo aliyesimama korongoni alikuwa Kapteni Kanga, mwenye madoadoa. Aliposikia habari ile alishusha pumzi. "Kesho nitalala na wanangu mpaka jua litoke," akasema.

Sasa, njia ya kwenda jiweni ilipita kando ya korongo. Kakakuona akashika njia. Akafika nusu. Akasikia: krrr-hu, krrr-hu. Chui anakohoa. Kakakuona akajikunja, ndi, pua tumboni, mkia juu ya kichwa. Alikaa vile mpaka jua la utosi. Alipojikunjua, alirudi nyumbani mbio. "Nitachora kesho," akajiambia.

Kesho yake akafika palepale, jani likaanguka, akajikunja. Keshokutwa ikanyesha. Kesho, kesho, kesho. Mwezi ukaandama, ukanenepa, ukakonda, na mvua za masika zikakatika.

Kila asubuhi Kapteni Kanga alipita na macho mekundu. "Karani, jiwe limesema?"

"Bado kidogo, ndugu yangu."

Mama Nguchiro naye alimwendea jemadari. "Bwana Jemadari, zamu ya korongo ni yangu. Kanga amechoka." Ngiri akamjibu, "Jiwe halijasema."

Na Kakakuona alisikia yote hayo. Kwanza alikuwa anamwogopa Chui. Sasa aliogopa pia kusema kwamba anaogopa. Maana karani aliyelaza amri hukatwa kucha. Kakakuona asiye na kucha hafukui mchwa, na asiyefukua mchwa hali. Akanyamaza. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini safari hii tumbo lililoumia halikuwa lake.

Alfajiri moja watu wakatega masikio, yowe hawakulisikia. Walipokwenda korongoni walikuta manyoya ya madoadoa yametawanyika kwenye umande. Basi. Hakuna kingine.

Siku ileile Ngiri akampandisha cheo Kicheche, ili pengo lizibwe. Kicheche hakuwa mjinga. Alimshika Kakakuona mkia. "Twende jiweni, mjomba. Nakusindikiza, usiogope."

Wakafika. Kicheche akasema, "Chora langu kwanza."

"Lakini Nguchiro alipandishwa tangu masika."

"Alipandishwa. Ulimchora?"

Kakakuona akainamia jiwe.

"Basi chora langu, halafu lake chini, na tarehe ya leo. Ukiweka ya masika watauliza ulikuwa wapi siku zote hizo. Watauliza habari za Kanga."

Kakakuona akachora. Kwaru, kwaru. Jina la Nguchiro likawa la mwisho.

Baraza likaitwa. Ngiri akatangaza, "Jiwe limesema. Korongoni atasimama Nguchiro."

Mama Nguchiro akainuka. "Bwana Jemadari, mimi ni kapteni wa masika. Ulinitamkia mwenyewe, nyoka yuko miguuni pangu. Kicheche amekuja nyuma yangu. Zamu hii ni yake."

Ngiri akajikuna shavu. "Nakumbuka. Lakini kukumbuka kwangu si jiwe. Anayeweza kusema jiwe limekosea ni yule aliyelichora." Akageuka. "Karani, jiwe limekosea?"

Wote wakamtazama Kakakuona. Kicheche akamtazama zaidi. Kakakuona akafungua mdomo. Akaziona mawazoni kucha zake zimekatwa, akajiona anakufa njaa karibu na kichuguu kilichojaa mchwa. Akajikunja, ndi.

"Karani hana neno," akasema Ngiri. "Jiwe libaki lilivyo. Kesho alfajiri, Nguchiro."

Mama Nguchiro akaondoka anaimba taratibu. Nanyi itikieni:

*Cheo changu cha masika,*
*nani kakilaza njiani?*
*Mvua zote zimekatika,*
*mimi bado ni mgeni.*

Alasiri Mama Nguchiro akaenda kwa Kakakuona na wanawe watatu. Kakakuona akafikiri, leo nitatukanwa. Akajikunja kabla hajasalimiwa.

"Sikuja kugombana, Bwana Kakakuona," Mama Nguchiro akauambia ule mpira wa magamba. "Kesho nasimama, na baba yao hayupo. Kilima chote hiki hakina ukuta mgumu kama mgongo wako. Wanangu walale kwako. Nisiporudi, uwalee." Akawabusu watoto mmoja mmoja, akaenda zake.

Angemjibu nini? Niambieni nyinyi. Alikaa tu, machozi yanamwingia puani.

Watoto wakalala wamemlalia tumbo, wamebanana. Alfajiri ikafika. Ukungu ukashuka mweupe, mzito, mlango wa shimo usionekane. Na kutoka korongoni: krrr-hu, krrr-hu.

Mwili wa Kakakuona ukataka kujikunja. Lakini watoto walikuwa pale tumboni pake. Akijikunja atawabana wafe. Akabaki wazi. Tangu azaliwe hajapata kuisikia sauti ile akiwa wazi. Aliisikia yote, mpaka mwisho.

Yule mdogo akauliza, macho bado amefumba, "Mjomba, huyo ni mama anakohoa?"

Kakakuona akashindwa. "Hapana, mwanangu," akasema. Akawapandisha wote watatu juu ya mkia wake, akatoka.

Akamkuta Ngiri mlangoni pake, na Kicheche yuko hapohapo anaota moto. "Jemadari," Kakakuona akasema, "jiwe limekosea. Na jiwe halina mikono. Ni mimi."

"Huyu ana homa," akasema Kicheche.

"Nyamaza," akasema Ngiri. "Tarehe ya Nguchiro ni ipi?"

"Siku ya pili ya masika. Niliogopa njia. Nikalaza amri mwezi mzima. Kisha nikaandika uongo, ili nisiulizwe."

Ngiri akatazama chini. "Na Kanga?"

"Mwezi wote ule aliosimama haukuwa wake," Kakakuona akasema, akalia kwa sauti.

Ngiri akawapokea watoto, akawaweka karibu na moto. "Nimekusikia. Lakini neno lako si jiwe. Nenda kachore, ukimaliza nitamtoa Nguchiro."

"Sasa hivi, Bwana Jemadari? Ukungu haujainuka."

"Nguchiro yumo ndani ya ukungu huohuo."

Kakakuona akaenda. Aliona mkono wake tu na umande. Kwa chini, korongoni, akasikia mtu anaimba kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayejipa moyo: *cheo changu cha masika, nani kakilaza njiani?* Jani likaanguka. Kakakuona akasimama, akaenda tena.

Akafika jiweni. Akayafuta majina mawili. Kwaru, kwaru. Akaanza upya. Kwaru, kwaru. Sauti ya kucha ikaingia ukunguni, ikashuka korongoni. Wimbo ukakatika. Krrr-hu. Ikawa karibu. Kwaru. Krrr-hu. Ikawa karibu zaidi. Kakakuona akasikia pumzi ya moto shingoni, inanuka damu. Amemaliza jina la Nguchiro na tarehe yake. Chini amechora la Kicheche. Kumebaki mstari mmoja.

Wewe ungekimbia. Hata mimi ningekimbia, nisikudanganye. Kakakuona alichora ule mstari, akaumaliza. Kwaru. Ndipo akajikunja, ndi.

Chui akamng'ata, krach! Jino likavunjika. Akamgeuza, akampiga, akamviringisha mteremkoni, biringi biringi biringi, puu, mpaka miguuni pa Mama Nguchiro. Mama Nguchiro akapiga yowe, kilima kizima kikaamka. Ngiri akashuka na meno yake, jeshi nyuma yake. Chui akapanda korongo akichechemea, damu inamtoka mdomoni.

Jua likatoka. Ukungu ukainuka. Wote wakalisoma jiwe: Kapteni Nguchiro, siku ya pili ya masika. Chini yake, Kicheche. Watu wakamgeukia Kicheche, naye akaangalia vidole vya miguu yake. Alfajiri iliyofuata alisimama korongoni. Wengine walitaka kumcheka, lakini ukungu uliposhuka hakuna aliyecheka.

Sheria ni sheria. Ngiri alimkata Kakakuona kucha za mkono wa kushoto. Za kulia aliziacha, maana jeshi halikai bila karani. Mama Nguchiro na wanawe wakawa wanamfukulia mchwa mpaka kucha zikaota.

Zilipoota, Mama Nguchiro akamkuta jiweni, amesimama mbele ya jina la Kapteni Kanga. Chini ya jina pana unyoya wa madoadoa.

"Kuna tarehe nyingine ya kurekebisha?" akamuuliza.

"Ipo," Kakakuona akasema. "Ila hii sijui kuichora."

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Haki ya mwenzako ukiilaza kwa woga wako, kuna mtu anasimama mahali pabaya kwa niaba yako. Aliyekosea ndiye wa kusema amekosea, na aseme mapema. Tarehe hurekebishwa. Roho hairekebishwi.

Hadithi yangu imeishia hapo, jiweni, kwenye unyoya. Aliye karibu na mlango, aufunge.