Kengele ya Hamsini

Walikuwapo watu watatu waliompenda mtu mmoja, na huyo mmoja amekufa. Sikilizeni taratibu, maana mwishoni mtaulizwa.

Wa kwanza ni Xaveria, fundi cherehani kutoka Mbinga. Mungu alimjalia macho. Mpe shati lililorukwa na mshono mmoja tu, atakuonyesha mahali penyewe kabla hujamaliza kulikunjua.

Wa pili ni Kasiani, mpiga ngoma wa kwaya. Mungu alimjalia mikono. Mwalimu wake husema kwaya nzima ikipotea njia, ngoma ya Kasiani utaikuta bado iko barabarani, inawangoja.

Wa tatu ni Gaudensia, na hadithi hii itatembea karibu naye. Yeye husafisha kanisa la parokia hapo Songea na kupiga pasi vitambaa vya altare. Mungu alimjalia adabu: hujua kila mahali panataka nini. Akiingia nyumba yenye mgonjwa, sauti yake hushuka yenyewe. Ni karama isiyosifiwa, na mwenye karama isiyosifiwa huingiliwa na wivu upesi.

Mtu waliyempenda aliitwa Otmari, mdogo wake Gaudensia. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utoto. Hakuweza kupanda hata kilima cha kisimani. Kwa hiyo alitembea kwa vidole. Alikuwa na mashine kuukuu ya gemu, na ndani yake gemu moja ya samurai, askari wa kale wa Japani mwenye kofia ya chuma na panga mbili kiunoni. Nchi ya gemu hiyo iko wazi. Hakuna anayekuambia pita hapa, geuka pale. Ina mikoa mitatu, wa mpunga, wa misitu na wa milima, na humo zimefichwa kengele hamsini za shaba. Moja iko nyuma ya maporomoko ya maji. Nyingine iko shingoni mwa ng'ombe anayechunga na wenzake mia. Ukiipata moja inalia, na hesabu pembeni mwa runinga inapanda. Otmari alizitafuta miaka minne. Siku alipofariki, Mungu ampe pumziko la milele, hesabu ilisema arobaini na tisa.

Siku ya tatu ya matanga, Kasiani alimwendea baba wa marehemu, mzee Landelini, akachuchumaa mbele yake.

"Baba, mimi ndiye niliyecheza naye kila alasiri. Naomba mashine iwe kumbukumbu yangu."

Xaveria akamsikia kutoka mkekani. "Kumbukumbu? Kasiani, mimi nina pete. Ndoa yangu na Otmari ilitangazwa kanisani mara mbili. Kama tangazo la tatu lingesomwa, ungemwomba nani mashine?"

Gaudensia alikuwa anakusanya vikombe. Akavitua chini vyote. "Na mimi niliyemwogesha miaka tisa, niombe nini? Sufuria?"

"Udongo haujakauka," shangazi yake Odilia akasema, "mnagombania waya!"

Kwao vitu vya marehemu hugawiwa siku ya kuanua tanga, yaani siku ya arobaini, na kitu kikishatoka mkononi mwa mgawaji hakirudi. Mzee Landelini aliwasikiliza wote. Mwisho akasema, "Mwanangu ameacha kengele moja. Atakayeipata, mashine ni yake. Sitaki kusikia tena."

Hapo mzee alikosea. Hakuwahi kushika gemu maishani mwake. Alidhani kengele huokotwa na mtu mmoja, kama yai.

Wala msiseme wangeitumia kwa zamu. Kasiani alikuwa amepata kazi Tunduru. Xaveria alikuwa anarudi kwao Mbinga. Gaudensia alikuwa anabaki. Fundi wa mjini aliitazama mashine akasema haitoi nakala wala haipokei, kilichomo kimo. Na kilichomo ni samurai wa Otmari, amesimama juu ya daraja, mvua inamnyeshea, palepale alipoachwa. Anayeichukua mashine anachukua nyayo za marehemu.

Basi kila alasiri, baada ya rozari, watatu hao waliingia chumbani kwa Otmari na kuacha mlango wazi. Wanawake mikekani wakacheka kwa uchungu: "Huku salamu Maria, huku panga!" Kasiani ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea, kwa sababu wengine wawili walikuwa wakimwendesha samurai kama mbuzi wa kuburutwa. Mpira wa pedi ulikuwa umelika pale dole gumba la Otmari lilipokuwa likikaa. Gaudensia aliona dole la Kasiani likiingia kwenye shimo lile sawasawa. Akageuza uso.

Xaveria naye alikuwa na maneno yake. "Otmari aliniambia misitu hii ndivyo anavyoiwazia Liparamba, ile hifadhi ya wanyama upande wa kwetu. Aliniambia tukioana tutakwenda kuiona."

Gaudensia hakuambiwa habari za Liparamba. Miaka tisa, na hakuambiwa.

Sasa sikilizeni jinsi macho yalivyofanya kazi. Siku thelathini na mbili Kasiani alizunguka mikoa yote mitatu, akafunua mawe, akachungulia visima, asipate kitu. Ramani ya gemu hiyo huanza ikiwa imefunikwa mawingu, na mawingu huondoka unapokanyaga. Ramani ya Otmari ilikuwa wazi kabisa, kama vile amekanyaga kote. Siku ya thelathini na tatu ya kutafuta, Xaveria, aliyekuwa anapinda upindo wa sketi yake ya kaniki, aliinua macho kwenye runinga, akasema, "Hapo pamerukwa."

"Wapi, shemeji?" Kasiani akauliza.

"Hapo. Kati ya milima miwili."

"Huo uchafu wa kioo."

Xaveria akainuka, akalowesha kidole kwa mate, akafuta. Doa halikutoka. Lilikuwa wingu dogo kuliko ukucha wa mtoto, katika ramani kubwa kama mlango. Kasiani akampeleka samurai huko. Njia ilikuwa ufa kati ya miamba, na mwisho wa ufa kulikuwa na ukuta wa mawe na lango la mti. Juu ya ukuta vilionekana vichwa vya mawe vimejipanga.

"Makaburi," Kasiani akasema polepole.

"Na ndani yake ndimo ilimo kengele," akasema Xaveria. "Nani amepaona?"

Kasiani akamsogeza samurai langoni.

Sasa sikilizeni jinsi magoti yalivyofanya kazi, na hapa nawaomba mvumilie. Lango halikufunguka. Kasiani alilipiga kwa upanga. Alilirushia mishale ya moto. Alipanda mwamba arukie ndani, akaanguka. Gaudensia, ameketi nyuma kwenye kitanda cha marehemu, aliona. Mbele ya lango palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe hilo mabonde mawili yaliyokaa karibukaribu. Kasiani alilivuka mara thelathini. Lakini mtu anayefuta mbao za kupigia magoti kila Jumamosi anajua mabonde ya namna hiyo huchimbwa na nini. Hakuingiwa na shaka hata kidogo.

Akanyamaza.

Alijiambia, "Otmari angeona. Kama wao hawaoni, basi hawakulelewa naye." Neno hilo likampa utamu. Akalinyonya kama mtoto anyonyavyo mua, siku nzima, na siku ya pili yake. Alifurahi kila upanga wa Kasiani ulipodunda kwenye lango. Alifurahi Xaveria alipouma midomo. Afadhali kengele ikae kaburini, alifikiri, kuliko kulia kwa ajili ya mwingine.

Siku ya thelathini na nane ya matanga ilikuwa zamu yake kuongoza rozari. Alifika katika Baba Yetu, mahali pa kuomba kusamehewa, ulimi ukagoma. Watu wakangoja.

"Gaudensia, umelala?" shangazi Odilia akanong'ona.

"Nipo, shangazi."

"Basi tupeleke. Magoti yetu si ya chuma."

Alimalizia kwa sauti ambayo hakuitambua. Kisha akaingia chumbani moja kwa moja, akasimama nyuma ya Kasiani.

"Mvue kofia. Aweke panga zote mbili chini. Apige magoti juu ya jiwe hilo."

Kasiani akacheka. "Dada Gau, gemu haina padre."

"Ina makaburi. Mvue kofia."

Kilikuwapo kitufe cha kupiga magoti; wachezaji hukitumia kujificha majanini. Kasiani akabonyeza cha kofia, cha panga, kisha hicho. Samurai akavua, akaweka, akapiga magoti. Upepo ukatulia. Lango likafunguka lenyewe, bila kishindo.

Sasa sikilizeni jinsi mikono ilivyofanya kazi. Makaburini alikaa mlinzi, mzee wa nguo nyeupe mwenye rungu refu, na panga zilikuwa zimebaki nje. Huna cha kumpigia. Unaweza kukwepa tu mpaka achoke. Rungu likikugusa mara moja, unajikuta nje ya lango. Gaudensia aliichukua pedi kwanza, kwa sababu lango alilifungua yeye. Pigo la kwanza likamtoa. Xaveria akajaribu, akatolewa na pigo la tatu. Kasiani akafuta viganja kwenye suruali.

Alianza kugonga sakafu kwa kisigino. "Pigo, pumzi. Pigo, pigo, pumzi," alisema, na samurai akainama, akaruka, akainama. Rungu lilipita juu ya kichwa chake mara sitini, Xaveria akihesabu. Jasho lilimwingia Kasiani machoni asilifute. Pigo la sitini na moja halikuja. Mlinzi akakaa chini kama mtu aliyetoka shamba, akasogeza mkeka wake. Chini ya mkeka palikuwa na kengele.

Ikalia. Hesabu ikasema hamsini.

Xaveria alijifunika uso kwa ile sketi ya kaniki. Kasiani hakuiachia pedi. Na Gaudensia, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichomwingia moyoni hakikuwa furaha. Kilikuwa hiki: imelia mikononi mwa mwingine.

Siku ya arobaini misa ilisomwa, tanga likaanuliwa, mashati na viatu vya marehemu vikagawiwa. Ikabaki mashine, imefungwa katika khanga, juu ya mapaja ya mzee Landelini. Watatu wakaketi mbele yake.

"Bila macho yangu, baba," Xaveria alianza, "hawa wangekuwa bado wanachungulia visima."

"Shemeji, kuuona mlango si kuingia," akasema Kasiani. "Na kuingia si kupata. Nyinyi wawili mliingia, mkatoka kama kuku waliofukuzwa jikoni. Kengele niliishika mimi."

"Uliishika ndani ya lango nililokufungulia mimi," Gaudensia akasema. "Siku mbili unakata ubao kwa upanga kama mpasua mbao!"

Xaveria akamgeukia. Alimtazama vile anavyotazama mshono. "Wifi, lile jiwe ulilijua lini?"

Gaudensia akatazama mkeka.

"Wifi, nakuuliza."

"Siku ya kwanza," Gaudensia akajibu.

Kasiani akajipiga paja. "Siku ya kwanza! Vidole vyangu vimetoka malengelenge, nawe umekaa nyuma yangu unanitazama!"

"Kwa nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Wivu, baba. Alipokuwa hai Otmari aliwapa hawa wawili siri zake, na sasa nilimwona anakwenda kwao tena."

Wanawake mikekani waliguna, wengine kwa hasira, wengine kwa huruma. Shangazi Odilia akasema, "Basi asipewe! Aliyeficha amejinyima mwenyewe." Mwanamke mwingine akamjibu, "Lakini amekiri bila kupigwa. Na nani hapa ana moyo usio na kona?"

Kasiani akasema akitazama chini, "Hata mimi. Yale mapigo yana mdundo. Ningewafundisha kwa nusu saa. Sikutaka."

Xaveria hakukiri kitu. Aliizungusha pete kidoleni. Labda hakuwa na la kukiri. Labda macho yanayoona mengi yanajua pia kufumba.

Mzee Landelini aliweka kiganja juu ya khanga. "Nilisema atakayeipata," alisema. "Nimelitamka mbele ya watu, siwezi kulimeza. Lakini sijui aliyeipata ni nani." Nje, gari la Mbinga lilipiga honi ya kuita abiria. Xaveria hakusimama. Hakuna aliyesimama. Mzee akawatazama watu wote waliokuwa uani, mmoja mmoja.

Nami nawatazama nyinyi mliosikiliza. Msinijibu kwamba ni wote watatu, maana mashine ni moja na njia ni tatu. Macho yalipaona mahali. Magoti yalifungua, ingawa yalichelewa kwa makusudi. Mikono iliitwaa. Ondoa kimoja, kengele ingali kaburini.

Mpeni mmoja. Kisha mwambieni mzee atawatazamaje wale wawili machoni. Haya, semeni: ni nani?