Mwenye Bekari na Wakaguzi Wake

Mtu mmoja alikuwa na bekari nyuma ya soko. Ilikuwa na tanuri mbili, wafanyakazi kumi na wawili na gari moja la kusambazia. Mteja wake mkubwa alikuwa hospitali ya mji: mikate mia nne kila siku, kwa chai ya wagonjwa. Hospitali ikiondoka, tanuri moja inazimwa na nusu ya watu wanarudi nyumbani. Jambo hilo kila mtu pale alilijua, kuanzia yeye mwenyewe hadi mama aliyefagia unga sakafuni.

Siku moja mpishi mkuu wa hospitali akampigia simu.

"Bwana mkate, njoo uone ulichotuletea."

Akaenda. Mkate wa juzi ulikuwa umeota ukungu. Wa jana ulikuwa umeanza kwa pembeni.

"Hawa ni wagonjwa," mpishi akasema. "Unataka wapone watoke, au unataka tuwazidishie vitanda?"

Mwenye bekari akarudi amefura. Akawapanga watu wake mstari mmoja mbele ya tanuri.

"Nani kafanya hivi?"

Mchomaji, mtu aliyekaa na tanuri zile miaka tisa, akainua mkono.

"Bosi, mimi naona kwamba..."

"Ahaa! Wewe ndiye mwenye majibu? Basi ni wewe."

Mchomaji akachukua taulo lake akaondoka. Mwenye bekari akalala vizuri siku ile. Mkosaji amepatikana, nini tena? Baada ya siku mbili ukungu ukarudi. Akamfukuza mkandaji. Ukungu ukarudi. Akabadilisha unga, akabadilisha hamira, akamtukana dereva. Ukungu ukarudi.

Rafiki yake akamwambia: "Ndugu yangu, nenda semina. Kuna elimu ya ubora siku hizi."

Akaenda semina ya siku tatu. Huko walifundishwa habari za watu waliotangulia kuhangaika na ubora viwandani, karne iliyopita, wengine wakiwa mabingwa wa hesabu tu, wasiojua hata kushika spana. Siku ya kwanza mwalimu alisema kwamba ubora ni jukumu la kila mtu. Mwenye bekari akaandika. Alichoelewa ni kwamba kila mtu anaweza kulaumiwa. Siku ya pili mwalimu alisema kwamba ukaguzi wa mwishoni hauwezi kukiponya kilichokwisha kuharibika mwanzoni. Mwenye bekari alikuwa nje anapokea simu, akarudi akasikia neno moja tu, "ukaguzi", akaliandika na kulipigia mstari. Siku ya tatu somo lilikuwa la hofu: kwamba penye hofu habari za kweli hazimfikii mkubwa. Somo hilo hakulisikia. Cheti kilitolewa kabla ya chakula cha mchana, naye alipokwisha kula akaondoka.

Akarudi na cheti, akakitundika. Akaajiri wakaguzi wawili, akawashonea makoti meupe, akawaweka mlangoni. Kila mkate ulitazamwa juu na chini, ukabonyezwa, ukanuswa, ndipo ukapakiwa. Wakaguzi hawakuona kasoro hata moja. Wangeionaje? Ukungu haukuwapo. Ukungu ulikuwa unakuja kesho kutwa, mkaguzi akiwa kwake amevua koti.

Akaongeza mkaguzi wa tatu wa kuwakagua wale wawili. Mnacheka? Subirini, tutafika kwetu.

Asubuhi ya Jumatatu mpishi akapiga simu tena. Safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Kuanzia leo usilete."

"Mzee wangu, nipe wiki moja. Nina wakaguzi watatu sasa!"

"Wale nao wanaliwa?" mpishi akauliza, akakata simu.

Mwenye bekari akaingia chumba cha kufungia mikate. Alikuwapo mama mmoja, mfungaji, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Wewe," akamwambia. "Tumebaki na wewe. Unga si tatizo, hamira si tatizo, tanuri si tatizo. Ni wewe. Nenda nyumbani."

Mama akauweka chini mkate alioushika.

"Bosi, umenifukuza?"

"Nimekufukuza."

"Kabisa? Hutanirudisha kesho?"

"Mama, unataka nikuandikie barua? Nimekufukuza!"

"Basi sasa naweza kusema," mama akasema, akafungua kamba za aproni. "Mikate tunayopewa sisi ya kupeleka nyumbani, umewahi kuiona?"

"Ina nini?"

"Haioti ukungu. Wangu unakaa siku nne. Wa mfagiaji hivyo hivyo. Inatoka tanuri ile ile, kwa mikono hii hii."

Kwa mara ya kwanza tangu balaa lile lianze, mwenye bekari akauliza lile swali ambalo lingemgharimu pumzi moja tu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yetu tunaiacha kwenye rafu mpaka ipoe. Hii ya hospitali uliagiza tuitie kwenye nailoni ingali moto, ili mteja akiushika mkate ajue ni wa leo. Mkate ukifungwa na moto wake unatoa jasho. Tazama."

Akamnyoshea mmoja. Ndani ya nailoni matone ya maji yalikuwa yanateremka.

"Na mmejua muda wote huu? Mmenificha?"

"Rafu ile pale, bosi, unapita mbele yake kila siku. Nani amekuficha?"

"Mngeniambia!"

"Mchomaji alikuwa anakuambia," mama akasema. "Ulimfukuza kabla hajafika katikati ya sentensi. Sisi wengine tuna watoto."

Akatundika aproni, akatoka.

Najua mnachongoja. Mnataka niwaambie kwamba alikimbia hospitalini, akaeleza, akasamehewa. Alikimbia kweli. Alikuta gari la mtu mwingine linashusha mikate. Jioni ile akazima tanuri moja.

Sasa tuje kwetu, na tusimcheke sana.

Kikombe kikianguka nyumbani, sisi tunauliza nini? "Nani kavunja?" Tunauliza tukiwa na kandambili mkononi. Mtoto anajifunza nini hapo? Kushika kikombe vizuri? Anajifunza kuficha vipande. Halafu akifika miaka kumi na sita tunalia mbele ya mchungaji kwamba mtoto wetu hatuambii kitu. Atuambie ili iweje?

Na humu kanisani? Watoto wa shule ya Jumapili wanapungua. Kwa miaka miwili tumebadilisha walimu watatu. Kila anayekuja tunamwombea, na kila anayeshindwa tunasema hakuwa na wito. Tumeunda kamati ya kufuatilia walimu, na sasa kuna pendekezo la kamati ya kufuatilia kamati. Nani kati yetu amekwenda kukaa na watoto wale hata nusu saa?

Dada mmoja alikwenda. Mwaka jana alisimama kwenye kikao chetu akasema kwamba darasa la watoto ni stoo ya viti, halina dirisha, na ikifika saa nne jua linapiga bati mpaka watoto wanavua mashati. Alisema kwa sentensi mbili tu. Aliambiwa akae chini, ana roho ya upinzani.

Mnakumbuka aliambiwa na nani? Msitazamane. Nilikuwa mimi, nimeshika kipaza sauti kama hiki. Na ninyi mkaitika, "Amina."

Hajarudi tangu siku hiyo. Na stoo, nimeichungulia asubuhi hii, bado haina dirisha.

Kwa hiyo leo sitaomba majina ya mwalimu wa nne. Fundi ataleta tindo kesho, atoboe ukuta. Lakini kabla ya hapo, tukitoka hapa, twende kwa yule dada. Nyumba yake mnaijua, ya pili kutoka kwenye mashine ya kusaga. Tukifika, mimi nitaomba radhi, kisha tutakaa chini, tunyamaze, tumwache amalize kusema. Inawezekana ana sentensi ya tatu.