Jiwe la Ijumaa

Anayewamba ngoma huvuta ngozi upande wake, na hakuna wawambaji hodari kama wenye vyeo. Wao hukuambia ngozi inavutwa kwa faida ya kijiji kizima, nawe ukawashikia kamba huku unashukuru.

Chifu Kavumbi aliitisha baraza katika kitongoji kimoja cha pwani, kusini mwa Msambweni. Akatangaza, kwa sauti nzito kama ya mfiwa, kwamba jiwe kubwa kutoka angani lingeanguka pale siku ya Ijumaa.

"Wataalamu wamepima. Hameni, mrudi Jumamosi. Nyumba zenu nitazilinda mimi."

Watu walipigwa na butwaa. Mabunda yakafungwa, mbuzi wakaswagwa. Kibwana peke yake, mgane wa makamo, alikataa. Kando ya nyumba yake palikuwa na kaburi la mkewe, Subira, naye hakuwa amepata kulala mbali nalo.

"Mzee Kibwana," chifu akamwambia, "marehemu hafi mara mbili. Wewe ndiye utakayekufa."

Watu wakacheka, pamoja na hofu yao. Mwishowe, alfajiri ya Ijumaa, Kibwana naye akakubali kuhama, akashika njia ya Bongwe, kwa bintiye Mwanaima, mwalimu wa kompyuta huko Ukunda.

"Shikamoo baba. Mbona na bunda asubuhi yote hii ya Ijumaa?"

"Marahaba. Nimekimbia jiwe."

Alipokwisha kumsimulia, Mwanaima alifungua kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi kama tako la sufuria.

"Picha ziko wapi?"

"Programu hii haina picha, baba. Unaiandikia amri, nayo hukujibu kwa maandishi: jiwe gani linapita karibu na dunia, lini, na umbali gani."

Akaandika mstari mmoja. Majina ya mawe yakamiminika.

"Yote haya yanatujia sisi?"

"Yanapita tu. Hupita kila wiki nasi tumelala. La leo ni hili, na umbali wake ni mara tisa ya ule wa mwezi."

"Basi chifu amekosea hesabu."

Mwanaima aliinamisha kichwa. "Hakukosea. Wiki jana alikuja darasani kuniuliza kama kuna jiwe linalopita Ijumaa. Nikamwonyesha hili hili. Akasema, 'Kumbe mbali hivyo,' akaenda zake anacheka."

Kibwana aliiacha chai mezani, akapanda bodaboda.

Alipokewa na ngurumo ya tingatinga. Nyumba yake haikuwapo, wala za majirani. Alipolala Subira palikuwa pamesawazishwa kama uwanja wa mpira. Chifu alikuwa amesimama na mgeni mwenye suti, akimwonyesha ufuo kwa kidole.

"Kavumbi, mke wangu yuko wapi?"

"Mzee, hapa hapakuwa na mtu. Mlihama wenyewe."

Kibwana alipiga magoti pale pale, akaanza kuchakura. Majirani waliporudi Jumamosi, kama walivyoagizwa, walimkuta angali anachakura udongo kwa mikono, akitafuta upande kilikolazwa kichwa cha mkewe. Hakuna aliyeuliza jiwe lilianguka wapi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.