Opereta Aliyekagua Boila Akiwa Amekaa

Ingieni ndani nyie mlioko mlangoni, nafasi ipo, na mvua hiyo haina mpango wa kuacha. Leo nina mfano mmoja tu. Nikiumaliza, kila mtu atakwenda kujionea kwake.

Palikuwa na baba mmoja, opereta wa kiwanda cha chai huko milimani. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, wala hakuwahi kumwinulia mke wake mkono. Kwenye kwaya aliimba besi. Nayasema haya mapema, msije mkajifariji kwamba mfano huu ni wa watu wabaya.

Kazi yake ilikuwa kukagua mitambo. Kuna mafeni ya kunyausha majani, kuna mashine za kusaga, kuna ya kukaushia, na nyuma ya zote kuna boila. Boila ni birika kubwa kuliko chumba chako cha kulala, linalala juu ya moto wa kuni tangu asubuhi, na mvuke wake ndio unaokausha chai. Birika hilo haliruhusiwi kukaukiwa. Linaletewa maji na pampu. Sasa pampu ikifa na moto uko palepale, itakuwaje? Nyie si mnapika? Sufuria ikikauka unapoteza mboga. Boila likikauka linaondoka na ukuta, na waliokaa nyuma ya ukuta.

Basi meneja akaleta simu. Zamani opereta alisema kwa mdomo, "Nimekagua," na mambo yakaishia hapo. Safari hii kila mtambo ulibandikwa stika yenye vidoa vyeusi, ukubwa wa kiganja. Unafika kwenye mtambo, unaielekezea simu ile stika, simu inajua kwamba umefika, ndipo inaanza kukuuliza. Umeigusa? Ina joto kuliko jana? Inatetemeka? Inavuja? Umejaribu king'ora cha kuonya maji yakipungua? Unajibu kwa kidole. Ukimaliza, kule ofisini kwa meneja mtambo ule unageuka kijani. Simu iliuliza taratibu, haikununa, wala haikurukia swali la pili kabla hujajibu la kwanza. Ni nani hapa ana mkwe wa namna hiyo?

Kwa hiyo msije mkatoka hapa mkisema bibi katukana simu. Simu ilikuwa nzuri.

Masika yakaingia. Pampu ilikuwa nyuma, kwenye banda lake, unaishukia kwa ngazi za udongo zenye utelezi wa kumwangusha mbuzi. Feni la mwisho lilikuwa juu, la kupandia. Opereta wetu akachoka. Siku moja akazunguka kweli kweli, mtambo hadi mtambo, lakini safari hii alikuwa anapiga picha zile stika. Akateremka mjini kwenye duka la steshenari, akazichapisha kwenye karatasi zikiwa safi kabisa, akaja kuzibandika nyuma ya mlango wa chumba cha wafanyakazi cha kunywea chai. Boila, pampu, mafeni, mashine za kusaga, zote zimepangwa pale kama picha za harusi.

Kuanzia hapo ukaguzi ukawa mtamu. Unakaa kwenye benchi na kikombe chako, unafunga mlango, unaelekeza simu. Umeigusa? Ndiyo. Inatetemeka? Hapana. Umejaribu king'ora? Ndiyo, na king'ora chenyewe kilikuwa kimeshakufa.

"Nimezunguka kiwanda kizima na uji wangu haujapoa," alisema, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nao wakaanza kuzunguka kwa kukaa. Meneja akaona kijani tupu, akamwita mbele ya watu, akampa fulana. Akaivaa mpaka kanisani.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa kwenye shamba lake la viazi, juu mlimani, mahali ambapo ukiinua macho unaliona dohani la kiwanda likitoa moshi. Simu ikalia mfukoni. Ni mkewe, naye alikuwa kibarua wa kuchambua chai kiwandani humohumo.

"Baba Tumpe, wametuhamisha. Tunachambulia chai kwenye kile chumba kilichopakana na boila."

"Lini?"

"Leo hii. Paa la kule kwetu linavuja. Sasa nisikilize. Ukuta huu unatetemeka. Na kuna mlio, kama mtu anasagia mahindi makavu kwenye jiwe."

Jembe likamdondoka. "Mlio unatokea upande gani? Wa bandani?"

"Mimi nitajua banda? Nimemwambia msimamizi. Ameangalia simu, ananiambia, mama, pampu imekaguliwa asubuhi hii, kijani, rudi mezani, hofu zako peleka kanisani."

"Toka humo ndani."

"Nitoke nikamwambie nini? Wewe si ndiye unayekagua? Kuna tatizo?"

Hapo ndipo alipotakiwa kujibu. Neno moja lingetosha. Unajua alisema nini? Alisema, "Hapana, hakuna tatizo, ngoja kidogo nakuja." Maana kumwambia mke wako ukweli wakati ana hofu ni kazi nzito kuliko kulima viazi.

Akakata, akampigia mwenzake aliyekuwa zamu.

"Pampu umeifikia?"

"Nimezunguka, kaka."

"Umezunguka kwa miguu au umezunguka mlango?"

Yule akasema, "Si wewe mwenyewe uliyetuonyesha? Mvua yote hii, nishuke zile ngazi niende kutafuta nini?"

"Nenda sasa hivi! Mke wangu yuko nyuma ya ule ukuta!"

"Niko huku kwenye mizani, lori la majani linashusha. Nikimaliza."

Wanangu, yule mtu alikimbia. Aliteremka mlima ule na matope mpaka kiunoni, kiatu kimoja kikabaki kwenye mtaro. Na akili yake ilikuwa inakimbia mbele yake. Mara ya mwisho niliiwekea pampu mkono lini? Viazi vilikuwa havijachanua? Au vilikuwa havijapandwa? Alijaribu kukumbuka joto lake, mlio wake, na kila alipoitafuta pampu kichwani alichokiona ni mlango. Kila hatua alitazama dohani. Moshi ukiwa mweusi anaogopa, ukiwa mweupe anaogopa. Alijaribu kuomba, akashindwa aanzie wapi, maana maombi yake na kile alichokifanya vilikuwa vinasukumana mlangoni.

Getini mlinzi akamzuia. "Mzee, leo si zamu yako. Na hilo tope unalipeleka wapi?"

Akampita.

Akamkuta meneja ofisini. "Bosi, zimeni boila. Watoeni akina mama kule nyuma. Pampu mbovu."

"Mashine ya kukaushia imejaa chai," meneja akasema. "Nikikata mvuke sasa, yote inageuka mbolea. Nani kasema pampu mbovu?"

"Mimi."

Meneja akachukua simu yake, akaifungua mbele yake. "Tazama. Jana umesema nzima. Juzi umesema nzima. Wiki nzima umesema umeigusa, haina joto, haitetemeki. Leo mwenzako kasema hivyohivyo. Halafu unatoka kulima viazi, kiatu kimoja, unaniambia mbovu. Nimwamini yupi, wewe au wewe?"

Mmemsikia meneja? Yule baba alikuwa amekuja kushuhudia, akakuta shahidi wa upande wa pili ameshafika, anamfahamu kila mtu, ana kumbukumbu nzuri, na ana jina lake hilohilo. Angemshindaje? Apige kelele? Alie? Kijani kilikuwa chake mwenyewe. Na nyuma ya ukuta mke wake alikuwa ameinamia meza, anatenganisha vijiti na majani, kwa sababu mume wake amemwambia hakuna tatizo.

Njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa inapita juu ya kazi yake, fulana yake, na jina lake.

Akatoka bila kuaga. Meneja akadhani amekata tamaa. Kumbe amekwenda chumba cha chai. Akaunyanyua ule mlango kwenye bawaba zake, akaubeba mgongoni kama mtu anayehama nyumba, akaja kuusimamisha mbele ya meza ya bosi, upande wenye stika ukitazama kwake.

"Elekeza simu yako hapa," akasema.

"Nini hii?"

"Elekeza."

Meneja akaelekeza. Na simu, kwa adabu yake ileile, ikamwandikia mtu aliyekaa kwenye kiti chake, miguu chini ya meza: Umefika kwenye pampu ya boila. Je, umeigusa?

Meneja akasoma. Akautazama mlango. Akamtazama yule baba na tope lake. Hakuuliza swali jingine. Alitoka anakimbia, anapiga kelele watu watoke, moto uvutwe nje.

Wakavuta kuni tanuruni zikiwaka, wakazitupa kwenye mvua. Akina mama wakatolewa mbio, wengine na ungo mkononi. Waliposhuka bandani walikuta pampu inasaga chuma kwa chuma, haipandishi hata tone. Kwenye kile kioo cha boila kinachoonyesha maji, maji yalikuwa yameshuka hadi pa kuyatafuta kwa kuchuchumaa. Na ile stika ya kweli, iliyobandikwa pale na meneja, ilikuwa imeota ukungu. Konokono alikuwa amepita juu yake. Konokono, wanangu. Yeye alifika.

Hakuna aliyekufa. Najua mngependa niishie hapo tuimbe. Lakini yule baba alifukuzwa kazi palepale uwanjani, na mwenzake pia, na walistahili. Kisha akaenda kumtafuta mkewe aliyekuwa amesimama na wenzake chini ya turubai. Alidhani atamkumbatia. Si amemwokoa?

Mama yule habari zilikuwa zimeshamfikia. Alimtazama, akamuuliza jambo moja. Akasema, "Baba Tumpe, kila jioni unaporudi nakuuliza, kazi imekwendaje, na wewe unanijibu, salama. Siku zote hizo ulikuwa umekaa wapi?"

Mpaka leo hajajibu.

Sasa tuje kwetu sisi. Nimewaona mkitikisa vichwa juu ya opereta. Viacheni vichwa vitulie. Hapo mlangoni asubuhi hii tumesalimiana wote. Habari za nyumbani? Salama. Watoto? Wazima. Baba? Hajambo. Mama mzazi? Mzima kabisa. Kijani, kijani, kijani. Wewe uliyesema mama ni mzima, ulifika kwake lini? Uliingia mpaka anapolala? Uliinua kifuniko cha sufuria yake ukaona anakula nini? Na wewe baba uliyesema kijana hajambo, umemsikia anavyocheka siku hizi? Anacheka lakini? Mlio wake ni uleule wa zamani?

Hata sala zetu tumezibandika nyuma ya mlango. Tunapiga goti, macho tumefumba, Bwana mkumbuke kaka yangu, Bwana mkumbuke jirani yule mgonjwa, Bwana wakumbuke wajane, amina, na chai haijapoa. Mungu anauliza kwa upole, bila kuchoka: umemgusa? Na sisi tunajibu ndiyo tukiwa kwenye benchi. Hakuna aliyeinuka. Ngazi zina utelezi.

Na siku ukuta utakapotetemeka tutakimbia kweli, hilo silibishi. Tutakimbia na kiatu kimoja, tutalia, tutaita watu. Ila tutakuta mtu ameshafika kabla yetu na kusema kwamba kila kitu ni kizima. Tutamkana vipi, na sauti ni yetu?

Bahati ya yule baba ilikuwa kwamba mlango wake ulibebeka. Wa kwako bado unang'oka? Basi ung'oe ukiwa na nguvu, uubebe mchana watu wakikuona, uuweke mbele ya unayemdanganya. Utaaibika. Aibu haijawahi kumbomolea mtu ukuta.

Mvua imepungua, tutoke. Leo tukipeana mikono hapo nje sitawauliza habari za nyumbani, nendeni kwanza mkazione. Nitauliza Jumapili ijayo. Na atakayeniambia salama, nitamshika mkono, sitauachia, nitamuuliza kama alivyouliza mama yule chini ya turubai: siku zote hizi ulikuwa umekaa wapi?