Uvundo Katika Gari la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Wali wangu mmeumaliza, sauti mmeziacha wapi? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na gari!

Gari likawa na nini?

Likawa na harufu!

Harufu ya nani?

Sema wewe, bibi!

Haya, nitasema mimi. Ila anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele mimi mwenyewe huwa sicheki.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa mahari na kualikana kwa adabu, Fisi alikuwa na gari. Mtaa mzima, gari ni lake tu. Alilipataje? Usiniulize, Fisi hupata vitu. Gari jeupe, lina kiyoyozi. Ukibonyeza, vuuu! Baridi kama maji ya mtungini.

Nguvu Fisi alikuwa nazo, na ulafi alikuwa nao zaidi. Kila akitoka machinjioni na nyama yake, hufunga vioo vyote, huwasha kiyoyozi, kisha hubonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa ndani. Ya nje isiingie, ya ndani isitoke. Kwa nini? Ili mpita njia asisikie harufu ya nyama akasema, "Bwana Fisi, nikatie kidogo." Anatafuna huku anaendesha, anaimba:

Funga kioo, funga,
Nyama yangu, harufu yangu,
Asionje hata nzi!

Akifika nyumbani anazima gari papo hapo, ka! Anashuka, anafunga mlango. Hajaiacha feni ipulize kidogo kukausha, hajafungua hata kioo kimoja. Gari linalala hivyo hivyo na unyevu wake tumboni.

Sasa, gari hilo lilikuwa na mpangaji. Mvua za masika zilikuwa zimejaza maji shimo la Panya, naye mimba imemjaa mpaka kidevuni. Akapanda gurudumu, akapenya huku, akapenya kule, akatokea nyuma ya dashibodi, pale penye chujio la hewa. Pana giza, pana nafasi, na paka hapafiki. Akatandika majani makavu, sufi ya kiti na vipande vya gazeti. Akazaa humo. Watoto wekundu wekundu, macho yamefumba. Mchana Panya alishinda kwenye rundo la kuni uani, na Fisi akadhani jirani yake anaishi kwenye kuni.

Jamani, kiyoyozi hutoka jasho. Jasho lake hupita kwenye kabomba kadogo na kudondoka chini ya gari, to, to, to. Mmeliona, mnalirukaga kila siku. Basi matandiko ya Panya yakadondoka yakaziba kale kabomba. Maji yakakosa njia. Yakalala humo humo, yakaota ukungu. Hewa ikawa inapita juu ya ukungu, inapita juu ya mikojo ya watoto, inakutana na mafuta ya nyama, na kwa kuwa Fisi hakuruhusu hewa mpya, uvundo ukawa unazunguka tu. Kosa la Panya nusu, kosa la Fisi nusu. Hilo lishikeni.

Fisi mwenyewe hakujali. Mpaka siku Bi Paa alipopiga hodi.

"Mwanangu Fisi," akasema Bi Paa, "namwoza binti yangu Riziki. Tunaomba gari lako limbebe bibi harusi. Nawe utakaa jamvini na wazee, sinia lako mbele yako."

Fisi akageuka nyuma kuangalia anayeambiwa ni nani. Hakuwahi kualikwa harusi hata moja, maana kila alipojipeleka mwenyewe alimaliza chakula kabla ya dua. Wala hakuna aliyewahi kumwita mwanangu. Alikubali kwa ajili ya sinia, hapo sitamtetea. Lakini alipokuwa akimsindikiza Bi Paa mpaka barabarani, mkia ulikuwa unamtikisika, na ule haukuwa mkia wa pilau.

"Ila mwanangu, usinielewe vibaya," Bi Paa akasema kwa upole wa kwao, "hilo gari lina kaharufu. Kama godoro lililonyeshewa."

Fisi akaanza kuhangaika. Akaanza na udi. Akatia makaa kwenye chetezo, akakiweka garini, akafunga vioo kama watu wanavyofukiza nguo. Nyuma ya dashibodi watoto wakapiga chafya, chi! chi! Panya akawafunika kwa mkia. "Tulieni, wanangu." Fisi akawasha. Vuuu! Akanusa. Nff, nff.

"Loo! Bado! Godoro lililofukizwa!"

Akaja na ndimu. Akazikata, akazipanga mbele, akazipanga nyuma, akakamua nyingine juu ya viti. Watoto wakalia, chi! chi! "Tulieni, wanangu." Fisi akawasha. Vuuu! Akanusa. Nff, nff.

"Loo! Bado! Godoro la achari!"

Akaja na gunia la mkaa, akalikalisha kiti cha mbele kama abiria. Watoto wakakohoa, kho! kho! "Tulieni, wanangu." Fisi akawasha. Vuuu! Akanusa. Nff, nff.

"Loo! Bado!" Na kiti sasa cheusi.

Ndipo akaenda kwenye rundo la kuni, amechoka, mikono ina masizi.

"Jirani, hodi."

"Karibu, Bwana Fisi. Mbona hivyo?"

"Gari, jirani. Nimeshindwa. Namwita Fundi Nungunungu alifungue lote, mpaka nyuma ya dashibodi. Atoe kila kilichomo."

Panya akageuka kulitazama gari. Kila kilichomo ni watoto wake. Na Fisi alikuwa na usemi wake, mtaa mzima unaujua: "Panya si chakula, panya ni kitu cha kutafuna wakati unangoja chakula." Ungekuwa wewe ungesemaje? Panya akasema:

"Gari gani, Bwana Fisi? Gari lako halinuki."

"Halinuki?"

"Njoo hapa. Mbali na gari. Haya, nusa."

Fisi akanusa. Nff, nff. Manyoya yake yalikuwa yamelala na uvundo ule siku zote hizo, yameunywa.

"Unasikia?" Panya akauliza.

"Nasikia."

"Na gari liko wapi?"

"Kule."

"Na hapa tuko nani?"

"Mimi na wewe."

"Mimi nimeoga," akasema Panya.

Masikio ya Fisi yakalala. Akanyanyua mkono, akanusa kwapa, akaushusha taratibu. Hakukasirika, na hicho ndicho kitu ambacho Panya hakukitegemea. Alikuwa ameshajiandaa kukimbia.

"Kumbe ni mimi," Fisi akasema. "Siku zote kumbe ni mimi. Sasa nifanyeje, jirani?"

Hapa Panya angeweza kunyamaza. Lakini ulimi uliokwisha kuteleza mara moja haukai. "Fundi wa nini? Wewe unataka singo," akasema. "Tena acha nyama mpaka harusi ipite. Nyama ndiyo inayokutoka mwilini."

Mlafi akaacha nyama! Mmewahi kusikia? Ile iliyokuwepo akambebea Panya, asubuhi kwa asubuhi. "Chukua, jirani, usije ukaharibika bure mzigo huu." Panya akala, watoto wakala, matumbo ndii! Na Panya alicheka sana, siwafichi. Alilala chali kwenye chujio akacheka mpaka akashika mbavu. Fisi mzima, mwenye taya la kuvunja mfupa wa tembo, anakunywa uji!

Na singo akasingwa. Panya ndiye aliyemsugua, kwa liwa na maji ya mawaridi, mgongoni, shingoni, nyuma ya masikio, kama mwari. Fisi akakaa juani singo ikauke, uso mweupe kwa liwa, hathubutu kutabasamu usipasuke.

"Jirani," akasema, mdomo hautikisiki, "nikimaliza haya nitafaa? Niambie kweli."

"Utafaa," Panya akasema.

"Maana aliniita mwanangu."

Panya akaendelea kusugua.

Na hapa ndipo, wajukuu zangu. Ule uongo wa kwanza mimi namsamehe, mama ni mama. Lakini siku hiyo ya singo watoto walikuwa wameshafumbua macho. Walikuwa wanakimbia. Mvua zilikwisha, shimo lilikauka. Panya angeweza kuwahamisha mchana mweupe, akatoa matandiko yake, akazibua kale kabomba, akaacha milango wazi, na Fisi asijue lolote. Alilifikiria, tena alisimama mlangoni akalifikiria. Akaona pana ubaridi, akaona nyama inaletwa mpaka mlangoni. Akasema moyoni, nitahama baada ya harusi.

Siku ya harusi Fisi alivaa kanzu na kofia ya kiua. Akaendesha mpaka kwa Bi Paa, mpole, honi haipigi. Panya na wanawe wamo kwenye chujio, wametulia. Vigelegele! Bibi harusi akaingizwa, amefukizwa, amepambwa. Bi Paa akakaa kando yake. Fisi akafunga vioo vyote, safari hii si kwa uchoyo, ila vumbi lisimchafue mwana wa watu. Akabonyeza hewa ya ndani kwa ndani, kwa mazoea. Akawasha.

Vuuu!

Vigelegele vya nje vikaendelea. Ndani, bibi harusi akavuta shela mpaka puani. Bi Paa, kwa ile adabu yao, akakohoa tu, ehe. Ehe.

Fisi akanusa. Nff, nff. Akanusa kiganja chake. Akanusa mkono wa kanzu.

Akazima gari, ka. Akashuka, akafungua milango yote, akateremsha vioo vyote. Akamwendea Mzee Kuro, mjomba wa bibi harusi, akampa ufunguo kwa mikono miwili. "Waendeshe wewe, mzee. Mimi naja nyuma kwa miguu."

Gari likaenda vioo wazi, upepo unaingia huku unatokea kule, na harufu ikawa haipo. Bi Paa akavuta pumzi, akasema, "Masikini, kumbe alikuwa yeye." Panya aliyasikia hayo kwa masikio yake, maana alikuwa nyuma tu ya dashibodi. Jamvini sinia moja lilirudi jikoni halijaguswa.

Jioni, jua halijazama, gari likarudishwa. Panya akatoka mbio hadi kwenye kuni. Akamkuta Fisi amefunga kifurushi, kanzu ameikunja vizuri juu yake.

"Jirani," Fisi akasema, "wote walisikia wakanyamaza. Mtaa mzima, miaka yote, wamenyamaza. Wewe peke yako uliniambia ukweli." Akaweka ufunguo juu ya gogo. "Gari kaa nalo. Wewe hunuki."

Panya akafungua mdomo. Kule garini watoto wakalia, chi! chi! Akaufunga.

Fisi akaingia porini.

Watoto wakakua wakatawanyika, kama nyie mtakavyotawanyika. Panya akabaki na gari lisilomfaa, miguu haifiki breki. Siku moja akayatoa matandiko yake yote, jani kwa jani. Akazibua kabomba. Maji meusi yakatoka, to, to, to, mpaka yakawa meupe. Akaacha milango wazi, jua likaingia. Kisha akaingia, akanusa. Nff, nff. Gari halinuki chochote. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Panya akakaa kwenye kiti akalia.

Akakimbilia porini. "Bwana Fisi! Hukuwa wewe! Lilikuwa gari! Nilikuwa mimi!"

Fisi akajitokeza. Akaja hatua, akasimama. Akajinusa kwapa, akarudi nyuma.

"Hapo hapo, jirani, usisogee. Najua unanifariji." Akacheka kile kicheko chake, hihihi, kisicho na furaha. "Una moyo mzuri. Lakini ukweli ulishaniambia."

Panya akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Fisi alikwisha kwenda. Ndiyo maana mpaka leo, fisi akiwaona watu husimama mbali, huwatazama, halafu huondoka. Na wanaosema majuto ni mjukuu wanasema kweli: Panya ana wajukuu wengi, lakini ni huyo mmoja tu anayelala naye.

Mnataka funzo? Eti funzo! Haya, shikeni. Gari likinuka uvundo, msihangaike na chujio, msihangaike na kabomba, kufungua vioo ndiyo kabisa msijaribu. Mwogesheni dereva. Na jirani akikuuliza, mwambie ukweli, kama Panya.

Ngano yangu nimeizima, ka! Iliyompendeza aende nayo. Isiyompendeza afungue kioo itoke. Mimi nimeacha wazi, mnaona, na bado naisikia harufu yake.